Jinsi ya kuomba ruzuku ya Ulaya kwa turbini safi za gesi za viwandani

Turbini ya gesi ya kiwandani, yaani mashine ya megawati 4 hadi 50 hivi inayofua umeme na mvuke kwenye kiwanda cha karatasi, cha kemikali au cha chakula, inashtakiwa kwa makosa mawili: kaboni dioksidi na oksidi za nitrojeni, zile zinazoandikwa NOx. Kupunguza yote mawili kwa pamoja ni kazi ghali ambayo mtengenezaji mmoja hapendi kuibeba peke yake. Ndiyo maana serikali huweka fedha. Mwongozo huu unahusu mfuko mmoja tu, Horizon Europe wa Umoja wa Ulaya (2021 hadi 2027), pamoja na Clean Hydrogen Partnership, chombo kinachotoa fedha za haidrojeni, gesi inayowaka bila kutoa kaboni dioksidi, kwa kanuni hizohizo.

Mfano wa kuuweka mezani wakati wa kuandika ni mradi wa HYFLEXPOWER, uliolipiwa na mfuko uliotangulia, Horizon 2020. Ulianza 2020 kwenye kiwanda cha karatasi cha Saillat-sur-Vienne, Ufaransa, ukitumia turbini ya Siemens SGT-400 ya megawati 12. Bajeti yote ilikuwa takriban euro milioni 15.2, na Umoja wa Ulaya ulitoa kama milioni 10.5. Oktoba 2023 mashine hiyo iliendeshwa kwa haidrojeni tupu. Kinachofaa kuigwa ni mpangilio: mtengenezaji wa turbini, mwenye kiwanda, kampuni ya nishati, taasisi ya utafiti ya Ujerumani DLR na vyuo vikuu kadhaa, kila mmoja na kazi ambayo mwenzake hawezi kuifanya.

Kwanza, jua unaomba ruzuku ya aina gani

Mwito wa maombi husema kama ni wa utafiti (RIA) au wa ubunifu (IA). Wa utafiti hulenga ukomavu wa teknolojia, TRL (kipimo cha 1 hadi 9), wa 3 hadi 5: kichomeo kinajaribiwa maabara, kisha kwenye shinikizo halisi. Wa ubunifu hulenga TRL 6 hadi 8: mashine nzima inazunguka mahali pa kazi. RIA hulipa 100% ya gharama zinazokubalika kwa kila mshirika. IA hulipa 100% kwa taasisi zisizo za faida lakini kampuni hupata 70%, na mwito unaweza kushusha kiwango hicho. Maombi mengi ya turbini huanguka hapa: kichomeo kimefanyiwa hesabu za kompyuta tu, hakijawahi kuonja shinikizo la bar 15, halafu mwombaji anaahidi mashine nzima ndani ya miaka minne. Mtathmini anayejua mwako ataliona hilo ukurasa wa pili. Ukiwa TRL 3, omba RIA.

Mradi mkubwa kuliko huo, wa kujenga kituo kizima cha kibiashara, hupelekwa Innovation Fund, mfuko mwingine wa Umoja wa Ulaya, unaolipwa na mapato ya soko la kaboni na kutoa hadi 60% ya gharama husika. Huo ni mlango mwingine wenye fomu zake.

Usajili na washirika

Kila taasisi hujisajili kwenye Funding & Tenders Portal, tovuti ya Umoja wa Ulaya ya kuombea ruzuku, na kupata namba ya tarakimu tisa iitwayo PIC. Anza miezi mitatu kabla, maana hati za kisheria hurudishwa mara nyingi kwa sababu ya muhuri au jina lisilolingana. Chuo au taasisi ya umma ya nchi mwanachama au nchi shirikishi (iliyojiunga na mpango bila kuwa mwanachama wa Umoja) iwe na mpango wa usawa wa kijinsia uliotiwa saini na kuchapishwa, la sivyo haiwezi kusaini mkataba.

Kiwango cha chini ni taasisi tatu zisizotegemeana kutoka nchi tatu tofauti, zote wanachama au shirikishi, na angalau moja iwe ya nchi mwanachama. Uingereza inahesabika tena kama nchi shirikishi tangu 2024. Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo zimo kwenye orodha ya nchi ambazo taasisi zake hupewa fedha moja kwa moja, isipokuwa mwito ukizuia. Lakini hazihesabiki katika zile tatu za lazima. Mshirika wa Afrika Mashariki asiingizwe kama pambo. Mitambo ya Kinyerezi, Dar es Salaam, inachoma gesi asilia katika hewa ya joto, unyevunyevu na chumvi ya bahari, na kumbukumbu zake za uendeshaji zinaweza kuonyesha jinsi NOx na nguvu ya mashine zinavyobadilika nje ya hali ya hewa ya Ulaya. Hilo ni fungu la kazi halisi, lenye mtu, miezi na matokeo ya kukabidhi.

Andika mapema orodha ya hakimiliki ambazo kila mshirika anaingia nazo. Mtengenezaji wa turbini hatatoa michoro ya kichomeo chake kwa mshindani, na mvutano huu ukianza baada ya ushindi, unaweza kumeza miezi yote ya kuandaa mkataba.

Hesabu ambazo ombi husimama au kuanguka nazo

Anza na kaboni. Haidrojeni kwa ujazo ina nishati ya karibu theluthi moja ya methani, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya gesi asilia: megajuli 10.8 kwa mita ya ujazo dhidi ya 35.8. Kwa hiyo mchanganyiko wenye 30% ya haidrojeni kwa ujazo unapunguza kaboni dioksidi kwa takriban 11% tu. Ombi linalosema "30% haidrojeni, 30% kaboni pungufu" limejiua lenyewe. Andika asilimia zote mbili, ya ujazo na ya nishati, kila mahali.

Kisha NOx. Kwa gesi asilia, sheria ya Ulaya ya mitambo ya kati (megawati 1 hadi 50 za joto linaloingia) inaitaka turbini mpya isizidi miligramu 50 kwa mita ya ujazo, ikiwa juu ya 70% ya mzigo, kwa moshi mkavu uliosawazishwa kwenye oksijeni 15%. Watengenezaji huzungumza kwa ppm, yaani sehemu kwa milioni. Zidisha ppm kwa 2.05 upate miligramu: ppm 25 ni miligramu 51, tayari umevuka. Lengo la ombi liwe na nafasi ya kupumua, tuseme ppm 15, na liseme ni kwa mzigo upi na kwa mafuta yapi.

Hapa pana mtego ambao hata wahandisi wazoefu huuingia. Moshi wa haidrojeni umejaa mvuke wa maji. Ukikausha sampuli kabla ya kupima, maji yanaondoka na NOx iliyobaki inaonekana nyingi kuliko ilivyo. Kwa haidrojeni tupu, ppm kavu hupandisha namba kwa zaidi ya theluthi moja ukilinganisha na gesi asilia kwa NOx ileile kwa kila uniti ya nishati. Toa matokeo kwa namna mbili: ppm kavu kwa sababu sheria inaitaka, na miligramu kwa megajuli kwa sababu ndiyo inayolinganisha kwa haki.

Eleza pia kwa nini kazi ni ngumu, kwa namba. Katika hewa ya kawaida mwali wa methani hufika karibu nyuzi joto 1,950, wa haidrojeni karibu 2,100. Joto hilo la ziada ndilo linalozalisha NOx. Tena mwali wa methani husafiri kama mita 0.4 kwa sekunde, wa haidrojeni mita 2 hadi 3. Kichomeo kilichotengenezwa kuchanganya gesi na hewa kabla ya kuwaka kinaweza kushtukia moto umerudi ndani yake, na ncha yake kuyeyuka kwa sekunde chache. Kwa hiyo bajeti iwe na vichomeo vya akiba, vipima joto vilivyopachikwa kwenye ncha, na vali ya kukata mafuta haraka. Mabomba ya gesi nayo yapanuliwe, kwani ujazo unaohitajika ni mara tatu. Vipima uvujaji vya gesi asilia vibadilishwe, maana haidrojeni inaweza kuwaka ikiwa kati ya 4% na 75% ya hewa.

Bili ya haidrojeni ndiyo inayovunja miradi

Turbini ya megawati 12 yenye ufanisi wa 35% inahitaji megawati 34 za joto. Haidrojeni ina megajuli 120 kwa kilo. Hiyo ni takriban kilo 1,030 kwa saa ya mzigo kamili. Mtambo wa megawati 1 wa kutenganisha maji kwa umeme ili kupata haidrojeni hutoa kilo 18 hadi 20 kwa saa, hivyo saa moja ya majaribio ni kazi ya zaidi ya siku mbili mfululizo za mtambo huo. Trela la mitungi ya chuma ya bar 200 hubeba kilo 300 hadi 400, yaani matrela matatu kwa saa. Kwa bei ya kukisia ya euro 10 kwa kilo, saa ishirini ni zaidi ya euro 200,000 kabla ya gharama ya kukodi matrela.

Dawa yake ni kupanda ngazi. Ikiwa mashine ina vyumba sita vya mwako, jaribu kimoja kwenye mtambo wa maabara wa shinikizo kubwa: kilo 170 kwa saa, trela moja linatosha saa mbili. Tafuta hapo mipaka yote, ya moto kurudi nyuma, mwali kuzimika na mtetemo wa mwako. Ukifika kwenye mashine nzima, washa kwa gesi asilia, panda kwa hatua, na kaa kwenye kila kipimo dakika 10 hadi 15, muda wa kutosha NOx kutulia. Mitambo ya maabara ya namna hiyo ni michache Ulaya na foleni yake ni ndefu. Barua inayotaja wiki mlizotengewa ina uzito kuliko kurasa tano za maelezo.

Ghala la haidrojeni lisifikie tani 5. Kuanzia hapo kiwanda kinaingia kwenye sheria ya Seveso ya ajali kubwa, na kibali kinaweza kula mwaka mzima wa mradi.

Bajeti

Mshahara huhesabiwa kwa siku: gharama ya mwaka ya mfanyakazi igawanywe kwa 215. Mhandisi wa euro 64,500 kwa mwaka ni euro 300 kwa siku, na huwezi kudai zaidi ya siku 215 kwa mwaka kwa mtu mmoja kwenye ruzuku zote za Umoja huo.

Gharama za jumla ni 25% ya gharama za moja kwa moja, ukitoa kandarasi ndogo. Kampuni yenye gharama za 400,000, kati yake 100,000 za kandarasi, inaongeza 75,000 na kufikia 475,000. Kwa IA ya 70% inalipwa 332,500, na 142,500 zinatoka mfukoni mwake. Mkurugenzi wa fedha aione namba hiyo ya mwisho kabla ya kusaini.

Kifaa kwa kawaida hulipwa uchakavu tu. Mtambo wa majaribio wa euro milioni 1.2 wenye maisha ya miaka kumi, ukitumika kikamilifu kwa mradi miezi 24, unarudisha 240,000. Bei yote hulipwa pale tu mwito unaposema hivyo waziwazi. Tafuta sentensi hiyo kabla ya kuagiza chochote.

Miito mingi sasa hulipa kwa mkupuo: kila fungu la kazi lina bei, na likikamilika linalipwa. Fungu moja kubwa la "majaribio" ni hatari, kwa sababu siku moja iliyoahirishwa inazuia malipo yote. Ligawe: maandalizi ya kiwanda, kichomeo kimoja, mashine nzima kwa mchanganyiko, mashine nzima kwa haidrojeni tupu.

Kuwasilisha na baada yake

Sehemu A hujazwa mtandaoni, Sehemu B ni PDF ya kiolezo. Kurasa zilizozidi kikomo hazisomwi kabisa. Mwisho ni saa 11 jioni ya Brussels. Pakia toleo la kwanza siku mbili kabla, kwani unaweza kulibadilisha hadi dakika ya mwisho.

Alama ni 0 hadi 5 kwa ubora wa sayansi, athari na utekelezaji. Kila kimoja kisipungue 3, na jumla isipungue 10, ingawa 10 haitoshi kushinda. Kwa IA, athari huzidishwa kwa 1.5 wakati wa kupanga mshindi. Pointi hupotea zaidi kwenye utekelezaji: hatari zimeorodheshwa bila mpango wa nini kifanyike kichomeo kikiyeyuka. Taja tarehe ya uamuzi, kipimo cha kusonga mbele, na njia mbadala, kwa mfano kushuka hadi 70% ya haidrojeni.

Jibu hutoka ndani ya miezi mitano, mkataba ndani ya minane. Malipo ya kwanza hukatwa 5% ya ruzuku kwa mfuko wa bima wa pamoja, na yote mnayopokea kabla ya salio la mwisho hayazidi 90%. Mshirika mdogo apange namna ya kuvumilia pengo hilo. Kama ruzuku inalipwa kwa gharama halisi na mshirika anadai euro 430,000 au zaidi, atahitaji cheti cha mkaguzi. Hati za vipimo vya NOx, vyeti vya kusawazisha vifaa na stakabadhi za haidrojeni zihifadhiwe miaka mitano baada ya malipo ya mwisho, kila moja ikiwa na tarehe na namba ya jaribio lililolipiwa.