Jinsi ya kulinganisha takwimu za mabeki wawili wa hoki ya barafuni vyuoni

Tutumie msimu wa 2018–19 Marekani: Cale Makar wa Chuo Kikuu cha Massachusetts na Adam Fox wa Harvard. Wote wamezaliwa 1998, wote ni mabeki wapandaji.

Hatua ya 1. Andika namba kwenye jedwali lako mwenyewe. Kurasa zinazokulinganishia wachezaji tayari hazifai, hukufichia jinsi namba zilivyogawanywa.

Makar: mechi 41, magoli 16, asisti 33, pointi (magoli na asisti pamoja) 49.
Fox: mechi 33, magoli 9, asisti 39, pointi 48.

Hatua ya 2. Gawanya pointi kwa mechi. Hapa ndipo watu huteleza. Kwa jumla Makar anaongoza kwa pointi moja. Kwa mechi, Fox ana 1.45, Makar 1.20. Vyuo vya Ivy League (kundi la vyuo vikuu vinane vya Marekani), Harvard ikiwemo, huanza msimu kwa kuchelewa na hucheza mechi chache, ilhali Massachusetts walifika hadi fainali ya taifa. Gawanya kwa mechi alizocheza mwenyewe, si za timu, la sivyo aliyeumia ataonekana dhaifu. Mechi za kirafiki zitoe. Na usizidishe 1.45 mara 41 ukampa Fox pointi 60! Baadhi ya mechi za ziada za Massachusetts zilikuwa za mtoano, dhidi ya timu ngumu. Wastani wa mechi 33 hauvutiki hadi huko.

Hatua ya 3. Tenganisha magoli na asisti. Makar: magoli 0.39 kwa mechi, asisti 0.80. Fox: 0.27 na 1.18. Mmoja mfungaji, mwingine mpishi. Goli moja huweza kuzaa asisti mbili, kwa hiyo fungua ripoti za mechi uhesabu asisti za pasi ya mwisho peke yake. Ni kazi ya jioni nzima, lakini inalipa.

Hatua ya 4. Weka kando pointi zilizopatikana wapinzani wakiwa pungufu kwa adhabu.

Hatua ya 5. Takwimu ya kujumlisha na kutoa (plus-minus: mchezaji huongezewa moja timu yake ikifunga akiwa uwanjani, hukatwa moja ikifungwa) usiitumie kati ya timu mbili tofauti. Goli la kufunga wapinzani wakiwa pungufu halimwongezei beki kitu, ila mkifungwa wakati huohuo anakatwa. Mlinganishe na wenzake wa timu moja tu.

Hatua ya 6. Ulinzi haumo kwenye pointi. Tazama mechi tatu nzima za kila mmoja, uhesabu mara anazotoa paki (kisahani kinachochezewa) eneo lake kwa pasi safi na mara anazoibutua tu.