Kabla ya wiki mbili za kuonja chuo Uingereza

Binti yangu alimaliza Kidato cha Nne mwezi wa Novemba. Mzazi yeyote wa Tanzania anajua kinachofuata: kuanzia hapo hadi Julai, Kidato cha Tano kinapofunguliwa, nyumba inakuwa na kijana mrefu anayelala mpaka saa nne asubuhi akisubiri matokeo. Sisi muda huo tuliutumia kumpeleka wiki mbili katika chuo kimoja cha bweni kusini mwa Uingereza, aonje kabla hatujauza kiwanja. Kiwanja si utani. Ada na bweni katika vyuo binafsi vya kule huvuka pauni 40,000 kwa mwaka kirahisi, na tangu Januari 2025 serikali yao inatoza VAT ya asilimia 20 kwenye ada za shule binafsi. Ukiiweka hesabu hiyo mezani, nauli na gharama za wiki mbili zinaonekana kama bei ya kijiko cha kuonjea mchuzi.

Ila kuonja nako kuna matayarisho, na mengi tuliyajua tukiwa tumeshachelewa. Nayaandika kwa yule ambaye bado hajakata tiketi.

Tuanze na neno lenyewe. Ukiwaambia majirani mtoto anakwenda "college" Uingereza, wanaelewa chuo kikuu. Kule chuo cha namna hii mara nyingi ni cha vijana wa miaka 16 hadi 18, miaka miwili ya A level kabla ya chuo kikuu. Ni Kidato cha Tano na cha Sita kwa sura nyingine. Tofauti kubwa ni kwamba hakuna michepuo ya PCB au HGL iliyofungwa kama vifurushi. Kijana huchagua masomo, kwa kawaida matatu, na anaweza kuchanganya Hisabati, Historia na Sanaa, asiulizwe na mtu. Kwa hiyo kabla ya safari mwambie achague hayo matatu, japo kwa kukisia, kisha mwandikie ofisa wa udahili mwombe mtoto aingizwe katika madarasa hayohayo. Usipoomba, mgeni wa wiki mbili huzungushwa kwenye madarasa ya Kiingereza na matembezi ya kuona makanisa ya kale, akarudi na picha nzuri, nawe hujui kama Kemia ya kule anaiweza.

Tarehe nazo zichague kwa akili. Katikati ya kila muhula kuna likizo ya wiki moja. Ya muhula unaoanza Januari huangukia katikati ya Februari, na bweni hubaki tupu. Ukipeleka mtoto wiki hiyo umelipia kuona vitanda. Miaka hii Ramadhani nayo inaangukia Februari na Machi. Kufunga kule wakati huo si kugumu kama watu wanavyodhani, kwa kuwa saa za mchana zinakaribia za kwetu. Kazi ipo kwenye daku: kantini imefungwa usiku, basi chuo kiombwe mapema kimwachie mtoto chakula cha kuweka chumbani. Tuliomba, wakakubali bila maneno.

Viza ndiyo inayowatoa watu jasho, na nusu ya jasho hilo ni la bure. Kwa masomo yasiyozidi miezi sita mtoto haombi viza ya mwanafunzi, anaomba ya mgeni wa kawaida. Haidai kipimo cha kifua kikuu, ambacho kwa sisi wa Tanzania na Kenya hudaiwa kwa anayekwenda kukaa zaidi ya miezi sita. Haidai pia ile ada ya afya wanayotozwa wakaaji wa muda mrefu. Lakini ina masharti yake. Chuo lazima kiwe na ithibati inayotambulika, na shule ya serikali haifai kwa mgeni wa aina hii, hata kama kuna binamu yako anayefundisha pale. Jambo la pili ndilo wazazi wengi hulisahau: mtoto akipenda akataka kubaki, hawezi kuibadilisha viza ya mgeni kuwa ya mwanafunzi akiwa hukohuko. Atarudi nyumbani, aombe upya. Mwambie hilo kabla hajapanda ndege, asije akakupigia simu siku ya kumi amekwisha kupanga maisha.

Maombi hayapokelewi zaidi ya miezi mitatu kabla ya safari, na majibu kwa kawaida huchukua wiki tatu baada ya kutoa alama za vidole. Kwa mtoto wa chini ya miaka 18 andaa cheti cha kuzaliwa, barua ya ridhaa iliyosainiwa na wazazi, barua ya chuo yenye tarehe za kuingia na kutoka, na maelezo ya nani atampokea uwanjani na atalala wapi. Hati yoyote iliyo kwa Kiswahili itafsiriwe. Kisha benki. Ukoo ukichanga, na ukoo wetu ulichanga kweli, usiziweke hela zote kwenye akaunti juma moja kabla ya kuomba. Anayesoma taarifa ya benki anaona akaunti iliyokaa miezi mitano na laki tatu, mara imevimba, na hajui kwamba kuna shangazi wa Tanga aliyeuza mbuzi. Ama mziweke mapema, ama mwambatanishe barua inayoeleza kila fungu lilikotoka.

Karatasi zote hizi zisafiri mkononi, si kwenye begi linaloingia tumboni mwa ndege. Wengi wetu hubadilisha ndege Nairobi, Addis Ababa, Doha au Dubai, na begi lina ratiba yake. Pale Heathrow ofisa wa uhamiaji alimuuliza binti yangu mambo matatu tu: anakwenda wapi, atakaa siku ngapi, nani anamsubiri nje. Alijibu, akaonyesha barua, akagongewa mhuri. Tulikuwa tumeyafanyia mazoezi sebuleni, mimi nikiwa ofisa, na nakiri nilikuwa mkali kuliko yule wa kweli.

Bima ya safari ya afya usiikwepe. Hospitali zao za umma zinasifiwa kuwa za bure, na ni bure kwa wenyeji. Mgeni akilazwa hutumiwa bili, tena iliyopandishwa hadi asilimia 150 ya gharama. Kama mtoto ana pumu au selimundu, apewe barua ya daktari yenye majina ya dawa, na dawa zibaki kwenye pakiti zake. Namba ya dharura ni 999. Kwa ushauri usio wa kufa na kupona hupigwa 111.

Begi sasa. Usinunue adapta, tafadhali. Soketi zao ni zilezile za pini tatu bapa tulizorithi sisi, na magari yanapita kushoto kama kwetu, kwa hiyo mtoto wako ana faida ambayo mwenzake wa Ufaransa hana. Mirungi ni marufuku kabisa tangu mwaka 2014, hata kama ni ya mjomba aliyeizoea. Nyama na vitu vya maziwa kutoka kwetu haviingii, na hapo ndipo samli ya bibi ilipoishia. Koti zito usimnunulie Dar, ambako utauziwa ghali kitu kisichozuia upepo. Kule kuna maduka ya hisani kila mtaa, yanauza nguo zilizotumika kwa bei ya kawaida, na nguo nyingi zisizouzika humo ndizo zinazosafirishwa zikaja kuwa mitumba yetu. Binti yangu alinunua koti siku ya pili kwa pauni 12. Aliniambia ameifuata Karume, soko letu la mitumba la Dar, kwenye chimbuko lake. Kwa siku ya kwanza zinamtosha sweta mbili, soksi nene na viatu visivyoingiza maji.

Kuna vitu viwili ambavyo hakuna orodha ya chuo itakayovitaja. Cha kwanza ni kopo. Vyoo vya kule vina karatasi tu, maji hakuna, na kwa mtoto aliyelelewa kwa ustaarabu wa pwani hilo ni jambo zito kuliko Kemia. Weka kopo dogo la plastiki kwenye begi. Cha pili ni udi, na hiki kiache nyumbani. Kila chumba cha bweni kina king'ora cha moshi darini, na kikilia jengo zima linatoka nje na nguo za kulalia. Binti yetu alikuwa amebeba ubani kidogo ndani ya kikebe. Bahati nzuri mwenzake wa chumba, msichana wa Hong Kong, alikiona akauliza ni nini kabla haujawashwa.

Fedha ziwe kwenye kadi. Mabasi ya London hayapokei pesa taslimu tangu 2014, na hata mkahawa wa chuo ulikuwa wa kadi tu. Jaribu kadi hiyo kwa malipo ya nje ya nchi ukiwa bado nyumbani, maana ya kwetu iligoma siku mbili hadi benki ilipoifungulia.

Saa. Hapa ndipo Mswahili hukwama, na nashangaa hakuna anayetuonya. Sisi tuna saa zetu, wao wana zao, na juu yake kuna tofauti ya saa tatu wakati wa baridi na mbili wakati wa kiangazi. Binti yangu akiandika "nina kipindi saa tatu", ni saa tatu yake ya asubuhi, ambayo Dar ni saa sita mchana. Tukakubaliana: kila ujumbe wenye saa uandikwe kwa tarakimu za simu, 09:00, na nyuma yake neno "kwenu" au "huku". Na Waingereza wana mtego wao. Siku ya kwanza aliambiwa kifungua kinywa ni "half seven". Akakokotoa kwamba ni nusu saa kabla ya saba yao, akashuka saa kumi na mbili na nusu, akakuta kantini giza na mzee mmoja anapiga deki. Maana yake ilikuwa saa moja na nusu. Yule mzee alimpa chai, na kwa siku zote zilizobaki akawa rafiki yake wa kwanza pale chuoni.

Lugha inahitaji mazoezi ya aina yake, hata kwa aliyepata A ya Kiingereza. Kiswahili kina adabu ndani ya kitenzi: "naomba maji" imetosha, huhitaji kitu kingine. Ukiihamisha neno kwa neno inasikika kama amri. Afundishwe kuanza na "could I" na kumalizia na "please", kila mara, hata kwa mpishi. Akiulizwa "you alright?" asianze kueleza kichwa kinavyomuuma, hiyo ni "mambo", na jibu lake ni "poa". Walimu wengi wa vyuo hivi huitwa kwa jina la kwanza. Binti yangu, aliyezoea kusimama na kusema shikamoo, ilimchukua siku nne kumwita mwalimu wa miaka hamsini kwa jina kama anaita mdogo wake. Tena darasani anayenyamaza na kuinamisha macho, ambaye kwetu ni mwenye heshima, kule huhesabiwa kwamba hajaelewa au hana hamu. Mwambie aulize swali moja kila kipindi. Moja tu. Ripoti ya chuo itaandikwa juu ya hilo swali.

Sasa Jumapili. Kama una ndugu London au Leicester, atakuahidi kumchukua mtoto kila mwisho wa juma, ale pilau. Mkubalie mara moja tu, na ya pili umkatalie kwa upole. Siku za kazi bweni lolote linapendeza: kuna ratiba, kuna kelele. Jumapili ya mwisho wa Januari, mvua nyembamba, jua linazama kabla ya saa kumi na moja, wanafunzi wa karibu wamekwenda kwao, hapo ndipo utajua. Binti yetu alipiga simu saa tisa alasiri ya kule akilia. Nilimsikiliza, sikumwambia arudi wala abaki. Nikamuuliza amekula nini, nani yupo bwenini, mlezi wa zamu anaitwa nani. Kumbe mlezi hakuwa ameonekana tangu asubuhi. Hilo nililiandika pembeni, kwani ni jibu ambalo vijitabu vya picha za rangi havitoi.

Mpe daftari dogo aandike kila usiku mistari mitatu: alichoelewa darasani, alichokula, aliyezungumza naye. Asiandike anapenda au hapendi. Na wewe, kama ulipitia kwa wakala, muulize waziwazi analipwa kamisheni na nani. Wengi hulipwa na chuo, si dhambi, ila ushauri wake uupokee ukijua.

Siku ya mwisho chuo kitampa mtoto ofa na fomu ya amana, pengine na tarehe ya karibu ya kujibu. Usilipe juma hilo. Omba kwa barua pepe wakuongezee muda hadi matokeo ya Kidato cha Nne yatoke. Chuo chetu kilituongezea wiki tatu kwa sentensi mbili. Mtoto akifika, mwache alale siku mbili, afue, akakae na wenzake. Siku ya tatu chukueni daftari na kikokotoo, mkae.