Namna ya Kusoma Lebo ya Supu ya Kuku ya Kopo

Kabla ya kutazama kalori, tafuta kwanza kipimo cha mlo mmoja, kwa maana tarakimu za lebo huhesabiwa kwa kipimo hicho, wala si kwa kopo zima. Kwenye makopo ya Marekani ya supu nzito inayoongezwa maji, kipimo huwa nusu kikombe, na kopo dogo hutoa takriban milo miwili na nusu. Ikiwa lebo inaonyesha miligramu 890 za sodiamu (madini yaliyomo ndani ya chumvi), basi anayemaliza kopo amekula zaidi ya miligramu 2,200, ilhali Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikie 2,000 kwa siku nzima. Mwenye shinikizo la juu la damu asilipuuze jambo hili hata kidogo.

Lebo za Uingereza huandika chumvi kwa gramu. Gawanya kwa 2.5 upate gramu za sodiamu.

Maneno "sodiamu imepunguzwa" yasikutulize: nchini Marekani humaanisha tu kwamba imepungua kwa angalau asilimia 25 kuliko supu ya kawaida, ilhali "sodiamu kidogo" haizidi miligramu 140 kwa kipimo. Protini ikiwa gramu 3, ongeza kuku uliyemchemsha mwenyewe bila chumvi.