Kauli mbili, hitimisho lipi? Jinsi ya kujibu kwa kuchora maduara

Maswali haya huja sana kwenye usaili wa mchujo: unapewa kauli mbili na mahitimisho, unaulizwa lipi linafuata. Hitimisho hufuata pale tu ambapo haliwezi kuwa la uongo kauli zikiwa za kweli. Kwamba linawezekana hakutoshi, na hapo ndipo alama nyingi hupotea.

Hatua ya 1. Weka kando unayoyajua. Kauli ikisema chai yote hulimwa Pwani, ichukue hivyo hivyo, hata kama umekulia Tukuyu katikati ya mashamba ya chai.

Hatua ya 2. Tafuta kundi lililotajwa kwenye kauli zote mbili. Mfano:

Viazi vyote vya ghala hili vimetoka Uyole.
Baadhi ya viazi vilivyotoka Uyole ni mbegu.

Kiungo ni viazi vilivyotoka Uyole.

Hatua ya 3. Chora. Duara la Ghala liingie lote ndani ya duara la Uyole. Duara la Mbegu lazima liguse eneo la Uyole, lakini upande gani? Hukuambiwa. Lipitishe mbali na Ghala: kauli zote mbili bado ni za kweli. Basi "baadhi ya viazi vya ghala ni mbegu" halifuati. Kosa kubwa ni kuchora mchoro mmoja tu, ule unaolibeba hitimisho. Chora kwa nia ya kuliangusha. Likigoma kuanguka kwa kila mchoro, linafuata.

Hatua ya 4. Kuwa makini unapogeuza kauli, yaani unapobadilishana nafasi za A na B. "Hakuna A iliyo B" hugeuka, na "baadhi ya A ni B" pia. "A zote ni B" hukupa "baadhi ya B ni A" tu (maswali haya kwa kawaida huchukulia kuwa kundi si tupu). "Baadhi ya A si B" haigeuki kabisa.

Hatua ya 5. Angalia kama kuna jibu la "ama I au II" (I na II ni namba za mahitimisho uliyopewa). Kwenye mfano wetu, "baadhi ya viazi vya ghala ni mbegu" na "hakuna kiazi cha ghala kilicho mbegu" hayafuati, kila moja peke yake, ila moja lazima liwe kweli. Chagua "ama I au II". Jozi ya "vyote ni mbegu" na "hakuna kilicho mbegu" haimo humo: ghala likiwa na mchanganyiko, yote mawili ni ya uongo.