Kumsomesha mtoto mdogo nyumbani mkiwa ughaibuni, unaanzia wapi

Kama umehamia nje na familia na unafikiria kumsomesha mtoto mwenyewe nyumbani, tuseme ana miaka minne mpaka saba hivi, naomba kabla hujanunua hata penseli utafute kwanza sheria ya nchi uliyopo inasemaje. Najua wengi tunaanza na vitabu na ratiba na kupanga meza, mimi pia nilianza hivyo, lakini sheria ndo inaamua kama hii safari ipo au haipo kabisa, na pasipoti ya nchi nyingine haikukingi, ukishakuwa mkazi wa pale mtoto wako anahesabiwa kama watoto wa pale.

Na tofauti ni kubwa mno. Ujerumani mtoto lazima aende shule yenyewe, yaani haitoshi kwamba anasoma, na wazazi wanapigwa faini kwa hili. Mwaka 2013 kuna familia ilichukuliwa watoto kwa wiki tatu hivi, kesi ikafika mpaka Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, na mwaka 2019 mahakama ikasema Ujerumani haikuvunja haki zao. Sweden tangu sheria mpya ya mwaka 2011 ruhusa inatolewa kwa sababu za kipekee tu. Ufaransa elimu ni lazima kuanzia miaka 3 tangu mwaka 2019, na kuanzia mwaka wa masomo wa 2022 huwezi tena kutoa taarifa tu ukaendelea na mambo yako, unaomba kibali na unasubiri jibu. Uingereza, na hapa nasema England maana Scotland ina sheria yake, kifungu cha 7 cha sheria ya elimu ya mwaka 1996 kinampa mzazi wajibu wa kuhakikisha mtoto anapata elimu shuleni au kwa njia nyingine, na hayo maneno "kwa njia nyingine" ndo mlango wenyewe, ila kama mtoto alishasajiliwa shule unamwandikia mwalimu mkuu barua jina liondolewe. Marekani inaruhusiwa majimbo yote 50 lakini kila jimbo na lake, Texas hudaiwi ripoti yoyote, New York unapeleka mpango wa masomo na ripoti nne kwa mwaka.

Sheria hizi zinabadilika, kwa hiyo soma mwenyewe tovuti ya wizara ya elimu ya pale, alafu waandikie serikali ya mtaa au idara ya elimu kwa barua pepe uulize wazi, na jibu ulitunze. Sisi mtu wa ofisi moja alitujibu kwa simu kwamba hakuna shida, miezi mitano baadae mwingine wa ofisi hiyohiyo anatuuliza kwa nini hatujaleta fomu, na hatukuwa na karatasi yoyote ya kuonyesha. Tangu hapo kila kitu ni kwa maandishi. Angalia pia umri wa lazima wa kuanza shule, maana kama mtoto bado hajaufikia una mda wa kujaribu kwa utulivu.

Swali la pili ni la ndani ya nyumba: baada ya miaka miwili mtakuwa wapi? Kama mnarudi, fuata muhtasari wa masomo wa nyumbani, na ubebe vitabu vya darasa lake na la mbele yake kabla hamjapanda ndege, kutumiwa vitabu baadae ni mzunguko mrefu. Kama mnabaki na siku moja ataingia shule ya pale, fuata mtaala wa pale, nchi nyingi wameuweka wazi kwenye intaneti bila malipo. Kama hamjui, na wengi hatujui kwa kweli, basi shikilia vitu vitatu tu ambavyo kila shule duniani itamtaka navyo, kusoma, kuandika na kuhesabu, hayo mengine kwa umri huu anayapata kwa kuishi na kuongea na wewe.

Siku inakuwaje sasa. Hapa ndo watu wanachoka mapema kwa sababu wanaigiza shule, saa mbili kamili mtoto amekaa kwenye kiti, kipindi cha dakika arobaini, mapumziko, kipindi. Jamani, shuleni mwalimu ana watoto thelathini, wewe unaye mmoja au wawili, ule mda wote wa kuita majina na kunyamazisha na kusubiri wa mwisho amalize wewe huna haja nao. Mtoto wa miaka mitano somo moja dakika kumi mpaka kumi na tano zinamtosha, ukijumlisha vyote vya siku saa moja, saa moja na nusu ikiwa siku nzuri. Wa miaka saba unaweza kufika masaa mawili. Ukiona anageuka geuka kwenye kiti na anajibu ovyo, funga kitabu hata kama ukurasa haujaisha, kesho upo. Ninachosisitiza ni iwe kila siku na iwe wakati uleule, sisi ilikuwa mara baada ya kifungua kinywa kabla simu ya mtu yeyote haijawashwa, maana nikishaanza kusoma meseji kipindi kimekufa.

Sasa lugha, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndo kitu ambacho hakuna shule ya huko itakufanyia. Msomeshe kusoma kwa Kiswahili kwanza. Najua hofu iliyopo, kwamba atachelewa lugha ya pale, lakini lugha ya pale itamfuata yenyewe, iko kwenye basi, iko uwanja wa michezo, iko kwenye katuni, Kiswahili chako kiko mdomoni mwako tu na ukinyamaza kimeisha. UNESCO, shirika la elimu la Umoja wa Mataifa, walishasema tangu mwaka 1953 kwamba mtoto aanze kusoma kwa lugha ya mama, na sababu haihitaji utaalamu, ukisoma neno unalolijua tayari akili inapata kazi moja badala ya mbili. Na akishajua kwamba herufi zinabeba sauti na sauti zinaungana kuwa neno, hahitaji kujifunza hilo mara ya pili kwa lugha nyingine.

Bahati yetu ni kwamba Kiswahili kinaandikwa kinavyotamkwa. Irabu tano, a e i o u, hazibadiliki sauti popote zilipo, kwa hiyo kaa nazo wiki nzima, kwenye karatasi, kwenye mchanga, kwenye kioo chenye mvuke. Alafu leta m: ma me mi mo mu, na siku hiyohiyo tayari ana neno "mama" amelisoma mwenyewe, uso wake utauona. Ongeza l, anapata "lala", "mali", "lima". Ongeza t, anapata "tulia", "lete", "tatu". Usiende kwa mpangilio wa alfabeti, nenda kwa herufi zinazompa maneno haraka. Baada ya konsonanti za kawaida ndo ulete zile za kuungana, ch, sh, ny, th, dh, gh, na umwonyeshe kwa masikio tofauti ya "ngoma" na "ng'ombe". Sehemu ya kukwama ni pale m au n inasimama peke yake kama silabi, "mtu", "mti", "nchi", "nne", watoto wanapenda kuongeza irabu wasome "mutu", usimkaripie, mpigie makofi mawili, m-tu, naye apige. Maneno kama "daktari" na "maktaba" ambayo silabi inafungwa katikati yaache mwisho kabisa. Wangu ndani ya miezi minne alikuwa anasoma sentensi fupi, na simwiti kipaji, ni lugha yenyewe iko hivyo.

Kosa nililofanya ni kuanzisha na Kiingereza wiki ileile. Kiingereza herufi 26 zinabeba sauti kama 44 hivi, sasa mtoto akawa anaona neno "time" anasoma ti-me, na akirudi kwenye Kiswahili naye anasitasita kwenye "i" aliyokuwa anaijua vizuri. Tukasimamisha, tukamaliza silabi zote za Kiswahili, ndo tukarudi, na tuliporudi nilitenganisha kabisa: Kiswahili mezani asubuhi na mimi, Kiingereza jioni kwenye kochi na baba yake. Ukiwa nchi ya lugha ya tatu kabisa fanya hivyohivyo, kila lugha na mtu wake au mahali pake. Na usishtuke akikaa kimya wiki kadhaa au hata miezi akiwa na watoto wa pale, anasikiliza, anakusanya, siku akifungua mdomo utashangaa.

Vya kusoma mtandaoni vipo. African Storybook wana hadithi za watoto kwa Kiswahili, za bure, zimepangwa kwa ngazi kuanzia maneno machache kwa ukurasa, unaweza kuprinti, na hicho ni kitu kikubwa sana kwa aliye mbali na duka lenye vitabu vyetu. Alafu tumia bibi na babu. Usiwaachie tu simu ya "haya msalimie bibi" mtoto anakimbia baada ya sekunde kumi, wape kazi: bibi arekodi hadithi fupi kwa sauti aitume WhatsApp, mtoto aisikilize mara mbili tatu, alafu naye arekodi akiisimulia upya amtumie bibi. Masaa yanapishana lakini rekodi haijali saa ngapi. Bibi yake ndo aliyemfundisha "hapo kale" na "basi wakaishi", mimi ningeyasahau.

Hesabu kwa umri huu ni ya mikono. Vifungo, vijiti, vizibo, chochote cha kushika. Na hapa tena Kiswahili kinakusaidia, kumi na moja, kumi na mbili, kumi na tatu, neno lenyewe linamwambia mtoto kuna kumi na kuna zaidi, kwa Kiingereza mwenzie inabidi akariri tu majina. Funga vijiti kumi kwa mpira, weka kimoja pembeni, "kumi na moja", anaiona. Ishirini mpaka tisini ndo majina ya kukariri. Usikimbilie kuandika tarakimu kama vidole bado havijakaza, mpe udongo wa kufinyanga na mkasi usio na ncha, mkono ukipata nguvu mwandiko unakuja.

Saa ilitutesa na najua itawatesa wengine. Nyumbani tunasema saa moja asubuhi, saa za huko zote zinasema 7. Ushauri wangu, mfundishe kwanza kusoma saa ya ukutani kwa namba zake zilivyo na kwa lugha ya pale, aizoee kabisa, miezi miwili mitatu, ndo umwambie kwamba sisi tunahesabu kuanzia jua linapochomoza, na umwonyeshe siri moja: mshale mfupi ukiwa kwenye 7 atazame namba iliyo upande wa pili kabisa wa duara, ni 1, ndo saa moja. Mshale ukiwa 1, upande wa pili ni 7, saa saba. Inafanya kazi kwa namba zote na watoto wanaipenda kama mchezo.

Skrini, kwa ufupi: Shirika la Afya Duniani (WHO) mwaka 2019 walisema mtoto wa miaka 2 mpaka 4 isizidi saa moja kwa siku. Programu ya simu ya kujifunzia ya Khan Academy Kids ni ya bure na nzuri lakini iwe nyongeza, siyo mwalimu.

Upweke ndo hatari kubwa kuliko kuchelewa herufi. Mtoto wa shule anapata wenzie bila wewe kufanya chochote, wako inabidi umtafutie, na wewe mwenyewe ni mgeni pale hujui mtu. Anza na maktaba ya umma, nyingi zina saa ya hadithi kwa watoto wadogo bila malipo, nenda siku ileile kila wiki mpaka sura zizoeane, alafu tafuta mchezo mmoja wenye mazoezi ya kudumu, kuogelea au mpira au jimnastiki. Uwanja wa watoto ukienda mara moja moja hupati rafiki, ukienda jumanne na alhamisi saa zilezile unakutana na mama yuleyule na mtoto yuleyule na hapo ndo urafiki unaanza. Na wewe mzazi unahitaji mtu wa kukupokea, kama mko wawili pangeni mapema nani anafundisha siku gani, usimbebee mwenzio hasira za siku nzima kimya kimya.

Mwisho, kumbukumbu, hata kama nchi haikudai. Daftari moja, kila siku mstari mmoja au miwili, tarehe, tulisoma nini, alikwama wapi. Kila mwezi weka kwenye faili karatasi tatu za kazi yake zenye tarehe na umrekodi dakika moja akisoma. Pamoja na hayo weka cheti cha kuzaliwa, kadi ya chanjo, ripoti za mwisho na barua ya uhamisho ya shule aliyotoka kama alishaanza, nakala kwenye simu na nakala za karatasi. Tulipompeleka shule baadae walitaka kumrudisha darasa moja nyuma kwa sababu hana ripoti, nikaomba wamsikilize kwanza, nikafungua faili, nikawawekea rekodi ya mwezi wa kwanza anasema ma, me, mi, na ya mwezi wa kumi na nne anasoma ukurasa mzima. Wakampa jaribio la nusu saa na akaingia darasa la umri wake.