Limfoma ya NK/T ya pua: namna ya kuitibu kwa mionzi bila kupunja dozi

Limfoma hii, saratani ya seli nyeupe za kinga ziitwazo NK au T, ni adimu. Huonekana zaidi China, Korea, Japani na nchi kama Peru, na kwingineko hupita kwa miezi ikitibiwa kama sinusaitisi (uvimbe wa sinasi, vyumba vya hewa kuzunguka pua): pua imeziba upande mmoja, inatoka damu, inanuka, ina makoko yasiyokwisha.

Kabla ya mionzi, hakikisha ndiyo yenyewe. Seli zake huharibu mishipa ya damu, hivyo katikati ya kidonda pana nyama iliyokufa tu, na kipande kilichochukuliwa hapo hurudi na jibu la "uvimbe wa kawaida". Chukua vipande kadhaa pembezoni, penye nyama hai, kabla mgonjwa hajaanzishiwa prednisoloni (dawa ya steroidi). Maabara ipime alama za seli hizi: CD3 ya ndani ya seli, CD56, granzaimu B na EBER. EBER ikiwa hasi, rudia kujiuliza kama utambuzi ni sahihi. EBER huonyesha kirusi cha Epstein-Barr (EBV), kilekile kilichoonekana mara ya kwanza mwaka 1964 kwenye seli za limfoma ya Burkitt kutoka Uganda. Ila Burkitt hutibiwa kwa dawa; hii ya pua, ikiwa bado haijasambaa, ukiiachia dawa peke yake umempunguzia mgonjwa nafasi ya kupona.

Wala CHOP, mchanganyiko wa dawa uliozoeleka kwa limfoma nyingine, si dawa yake. Seli hizi zina pampu inayotema doksorubisini, mojawapo ya dawa za CHOP, nje kabla haijafanya kazi. Japani huanza grei 50 za mionzi (grei ni kipimo cha dozi) pamoja na deksamethasoni, etoposaidi, ifosfamaidi na kabopilatini. Korea hutumia sisiplatini ya kila wiki wakati wa mionzi. Wengine hutegemea dawa za jamii ya asparajinesi. Mgonjwa wa hatua ya kwanza, chini ya miaka 60, mwenye nguvu zake, LDH (kimeng'enya kinachopimwa kwenye damu) ya kawaida na uvimbe usiotoka nje ya pua, anaweza kupewa mionzi peke yake.

Maandalizi yaanzie kwa daktari wa meno: yaliyooza yang'olewe siku 10 hadi 14 kabla, fizi zipate kupona. MRI ifanywe kabla ya dawa. Siku ya kutengeneza barakoa ya kushikilia kichwa wakati wa mionzi, daktari wa pua asafishe makoko kwanza. Koko likiachwa, sitiskani ya kupangia mionzi italihesabu kama nyama. Likidondoka wiki ya pili, pale pana hewa, na dozi uliyoipanga haipo tena. Mgonjwa alale chali na kizuizi mdomoni cha kushusha ulimi, na vipande vya skani visizidi milimita 3.

Kwenye kuchora eneo la kupigwa mionzi ndiko wengi hukosea. Usifuate uvimbe uliobaki baada ya dawa, fuata ule wa mwanzo. Hata ugonjwa ukiwa upande mmoja, eneo lichukue tundu zote mbili za pua, kaakaa gumu, sinasi za ethmoidi (zilizo kati ya macho) za mbele pande zote na sinasi ya shavuni upande wenye ugonjwa. Ugonjwa ukikaribia nyuma ya pua, ongeza nasofarinksi (sehemu ya juu ya koo, nyuma ya pua). Shingo isiyo na tezi zilizovamiwa iache, isipokuwa ugonjwa umeanzia kwenye tonsili au kooni.

Dozi ni grei 50 au zaidi: grei 2 kwa siku, Jumatatu hadi Ijumaa, mara 25. Mabaki yakionekana, ongeza grei 5 hadi 10 hapo tu. Aliyezoea kutibu limfoma nyingine kwa grei 30 au 36 asije na mazoea hayo hapa. Chini ya 50 ugonjwa hurudi palepale. Uti wa mgongo usizidi grei 45, shina la ubongo na neva za macho 54. Lenzi ya jicho ilinde chini ya 10 ukiweza, lakini usikate eneo la ugonjwa kwa ajili yake: mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji. Ngozi ya pua ikiwa imevamiwa, weka bolasi (tabaka laini linalolazwa juu ya ngozi) ya milimita 5, maana bila hiyo ngozi hupata dozi pungufu.

Usiruhusu siku kupotea. Mashine ikiharibika, fidia mapema. Barakoa ikilegea kwa sababu uvimbe umenywea au mgonjwa amekonda, piga skani upya.

Nyumbani, mgonjwa asukutue kwa kijiko cha chai cha chumvi na kimoja cha magadi ya kuokea katika lita moja ya maji, mara 5 au 6 kwa siku. Pua ioshwe kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa, kamwe si ya bomba moja kwa moja. Homa ya nyuzi 38 ni ya kukimbilia hospitali siku hiyohiyo: inaweza kuwa maambukizi huku chembe nyeupe zimeshuka, au mwili umeanza kula seli zake za damu, jambo ambalo limfoma hii hulileta.

PET-CT (skani inayofanya seli zinazotumia sukari nyingi ziwake) ya kupima matokeo isubiri kama wiki 12 baada ya mionzi, kwani mapema zaidi uvimbe wa mionzi wenyewe huwaka kama ugonjwa. DNA ya EBV kwenye plazma ipimwe kila anaporudi kliniki. Ikipanda, tafuta ugonjwa hata kama pua ni safi. Na hata miaka ikipita, jino la taya ya juu lising'olewe kabla daktari wa meno hajaambiwa kwamba mfupa huo ulipigwa mionzi.