Somo: Kupunguza joto la kompyuta ya mezani katika hali ya hewa ya pwani, na namna ya kuagiza vipoza kutoka nje

Somo hili linahusu kompyuta za mezani zinazotumika katika vyumba visivyo na kiyoyozi, hasa Dar es Salaam, Tanga, Zanzibar na Mombasa, ambako katika miezi ya kaskazi joto la chumba wakati wa mchana hufika nyuzi 31 au 32 bila shida. Nimemlenga mwenye mashine ya ofisini ya Dell OptiPlex au HP iliyoingia nchini ikiwa imetumika, na vilevile aliyejiundia kompyuta ya michezo au ya kuhariri video. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: fedha nyingi zinazotumwa nje kununua vipoza (feni na vyuma vya kupoza prosesa, yaani chipu kuu ya kompyuta) hutumwa kabla mtu hajapima chochote, na kifaa kilichovuka bahari kisipoingia kwenye soketi yako, yaani kikao cha prosesa kwenye ubao mama (motherboard), kukirudisha hugharimu karibu sawa na kununua kingine.

Kabla ya hatua zenyewe, jambo moja lieleweke. Kipoza cha hewa, hata kiwe cha bei gani, hakiwezi kuishusha prosesa chini ya joto la chumba. Kazi yake ni kupunguza tofauti kati ya joto la prosesa na joto la hewa inayoizunguka. Majaribio mengi tunayosoma mtandaoni hufanyika katika vyumba vya nyuzi 20 hadi 25. Ukisoma kwamba kipoza fulani kiliifikisha prosesa nyuzi 70 katika chumba cha nyuzi 22, kinachokuhusu wewe ni ile tofauti ya nyuzi 48, kwa sababu katika chumba chako cha nyuzi 32 prosesa hiyo hiyo itafika takribani 80. Hilo peke yake si ugonjwa. Prosesa nyingi za Intel zimewekewa kikomo cha nyuzi 100, na Ryzen (za AMD) za mfululizo wa 7000 nyingi kikomo chake ni 95. Zikikaribia hapo hujipunguzia kasi zenyewe, na hali ikizidi mashine hujizima.

Hatua ya kwanza: pima

Kwenye Windows weka programu ya HWiNFO au Core Temp, na kwenye Linux tumia lm-sensors. Andika joto la chumba, kisha joto la prosesa mashine ikiwa imetulia, kisha iendeshe kwa kazi nzito (programu ya majaribio ya Cinebench yatosha) kwa muda wa dakika 15 au 20 na uandike joto la juu pamoja na kasi ya prosesa. Ukiona kasi inashuka wakati joto limegota karibu na kikomo, tatizo lako ni joto kweli. Kasi isiposhuka, huna sababu ya kutumia hata shilingi.

Sasa fungua kifuniko cha ubavuni na urudie kipimo hicho hicho. Watu wengi huiruka sehemu hii ilhali ndiyo inayotoa jibu. Joto likishuka sana baada ya kifuniko kuondolewa, prosesa inapozwa vizuri ila kasha halipitishi hewa ya kutosha. Likishuka kidogo tu au lisishuke kabisa, kasoro iko kwenye kipoza chenyewe, yaani vumbi, pesti iliyokauka (ile dawa laini inayopitisha joto kati ya prosesa na kipoza), skrubu zilizolegea au feni iliyochoka. Tiba za hali hizi mbili ni tofauti, na mtu asiyejua yuko katika hali ipi hununua feni za kasha wakati alihitaji pesti.

Hatua ya pili: safisha

Chomoa waya wa umeme, toa mashine nje, tumia blowa ya umeme na brashi laini ya rangi. Shika mapanga ya feni kwa kidole wakati wa kupuliza, kwa kuwa feni inayozungushwa kwa nguvu ya blowa huharibu beringi zake na inaweza kurudisha umeme kwenye ubao mama. Usiridhike na usafi wa juu juu: ng'oa feni kutoka kwenye kipoza, kwani baina ya feni na mapezi ya alumini hukaa utando mzito wa vumbi usioonekana kwa nje. Nyumba iliyo karibu na bahari ina tatizo la ziada, kwa sababu vumbi lenye chumvi huvuta unyevu na kuanza kula metali. Huko safisha mara nyingi zaidi kuliko vitabu vya maelekezo vinavyosema.

Hatua ya tatu: badilisha pesti ya joto

Iwashe mashine kwa muda mfupi kwanza ili pesti ya zamani ilainike, kisha izime na uchomoe waya. Kwenye AMD za soketi AM4 usikivute kipoza moja kwa moja kwenda juu. Kizungushe kidogo kulia na kushoto hadi kiachie, la sivyo prosesa itang'oka pamoja nacho na pini zake kupinda. Futa pesti ya zamani kwa spiriti safi na kitambaa kisichotoa nyuzi, weka pesti mpya yenye ukubwa wa punje ya njegere katikati, kisha kaza skrubu kwa kukingamana, kidogo kidogo, hadi zote zishike sawa. Pesti za chupa ndogo zisizo na jina, za kijivu, zinazouzwa kwa bei ya soda, zinafanya kazi mwanzoni lakini baadhi hukauka mapema kwenye joto letu. Pesti ya metali majimaji yenye galiamu iache kabisa kama kipoza chako ni cha alumini, maana galiamu huila alumini.

Kwa uzoefu wangu, mashine nyingi za ofisini zilizotumika humaliza matatizo yake hapa, na mwenye nayo hana haja ya kusoma sehemu ya kuagiza.

Hatua ya nne: mpango wa hewa ndani ya kasha

Hewa iingie mbele au chini na itoke nyuma au juu. Kwenye feni ya kawaida, hewa hutoka upande wenye vyuma vya kushikilia mota na kibandiko, hivyo huna haja ya kubahatisha. Ingiza hewa nyingi kidogo kuliko unayotoa, na feni za kuingiza ziwe na chujio, ili vumbi lisinyonywe kupitia kila upenyo.

Je, feni ngapi zatosha? Mashine inayotoa joto la wati 200, ikipitisha hewa mita za ujazo 100 kwa saa, huipandisha hewa hiyo joto kwa takribani nyuzi 6 tu. Ukiongeza hewa mara mbili utapata nyuzi 3, yaani umenunua nyuzi 3 kwa kelele mara mbili. Feni moja nzuri ya kuingiza na moja ya kutoa zinaitosheleza mashine ya kawaida. Ya tatu ina maana pale penye kadi kubwa ya michoro. Kasha lenye feni saba zinazowaka rangi ni pambo, nami sina ugomvi na pambo, mradi mtu ajue ananunua nini.

Hatua ya tano: mipangilio

Ingia kwenye BIOS (mipangilio ya msingi ya mashine, inayofunguliwa kabla Windows haijaanza) urekebishe mpangilio wa feni ili ianze kuongeza mwendo mapema. Asiye na fedha za kuagiza chochote anaweza kuingia kwenye mipangilio ya umeme ya Windows na kuweka kiwango cha juu cha prosesa kuwa asilimia 99 badala ya 100. Kwenye prosesa nyingi za Intel hatua hiyo huzima kasi ya ziada, na joto hushuka kwa kiasi kinachoonekana huku kazi za kawaida zikiendelea bila tofauti kubwa.

Hatua ya sita: kuagiza

Kwanza andika vipimo. Kwa kipoza unahitaji jina la soketi, nafasi kati ya prosesa na kifuniko cha ubavuni, na umbali hadi kwenye RAM. Soketi za Intel LGA 1156, 1155, 1150, 1151 na 1200 zina matundu yaliyoachana kwa milimita 75, kwa hiyo kipoza cha moja hufaa kwa nyingine. LGA 775 ni milimita 72 na LGA 1700 ni 78, na hizo hazichangii bila vishikizo maalumu. Vipoza vingi vya mnara vyenye feni ya milimita 120 vina kimo cha milimita 150 hadi 160, ambacho hakiingii katika makasha mengi madogo ya ofisini.

Wenye OptiPlex na HP wawe waangalifu zaidi. Katika baadhi ya mashine hizo plagi ya feni si ile ya kawaida ya pini nne, na skrubu za kipoza hupita kwenye ubao na kushika bati la kasha, hivyo kipoza cha dukani hakina pa kushika. Njia nyepesi ni kutafuta kifaa cha mashine ile ile: kwenye kibandiko cha Dell kuna namba inayotanguliwa na herufi DP/N, na kwenye HP kuna namba ya kipuri ambayo mara nyingi huishia na 001. Namba hiyo ukiitafuta eBay kama ilivyo utapata kifaa chenyewe.

Kuhusu masoko, Dubai ina maduka mengi ya kompyuta katika barabara ya Khalid bin Al Waleed, Bur Dubai, na mfanyabiashara wa Kariakoo anayesafiri huko anaweza kukuletea kitu kidogo ndani ya mzigo wake. China ni rahisi zaidi, na mawakala wa mizigo wenye maghala Guangzhou wamezoeleka. Angalizo kubwa ni hili: ukinunua kwa anwani ya ghala la wakala, muda wa kudai fedha zako huanza kuhesabiwa mzigo unapofika ghalani, na kwa meli unaweza kuwa umekwisha kabla kontena halijafika bandarini. Mlipe wakala afungue boksi, apige picha ya lebo na kukutumia.

Gharama ya kusafirisha nayo huwashtua wengi. Kampuni za usafirishaji wa haraka hutoza kwa uzito halisi au kwa uzito wa ujazo, ule uliozidi, na ujazo hupatikana kwa kuzidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita kisha kugawa kwa 5000. Boksi la sentimita 25 kwa 20 kwa 15 huhesabiwa kilo 1.5 hata kama kipoza kilichomo hakifiki kilo moja.

Forodha hutazama bei ya kifaa ikijumlishwa na nauli na bima. Kipoza cha dola 40 kilichosafirishwa kwa dola 25 kina thamani ya dola 65 kabla ya bima, na VAT ya Tanzania Bara ya asilimia 18 peke yake ni dola 11.70. Kompyuta zenyewe hazitozwi ushuru wa forodha katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, lakini usidhani msamaha huo unaifuata feni iliyoagizwa peke yake, kwa kuwa feni zina fungu lake katika orodha ya ushuru. Omba ankara halisi na uitunze.

Maswali ya wanachama

Swali, kutoka Tanga: Mwalimu, shikamoo. Mimi nimeondoa kifuniko moja kwa moja na nimeielekezea feni ya mezani. Kuna ubaya gani ikiwa joto limeshuka?

Jibu: Marahaba. Umeshapata jibu la kipimo cha hatua ya kwanza, yaani kasha lako halipitishi hewa. Kama tiba ya kudumu sikushauri, kwa sababu feni ya mezani husukuma vumbi na chumvi moja kwa moja kwenye ubao, na mjusi au mende akiingia kwenye pawa saplai hasara ni kubwa kuliko bei ya feni ya milimita 120. Toboa matundu ya mbele yaliyozibwa au ongeza feni moja ya kuingiza hewa, kisha urudishe kifuniko.

Swali, kutoka Mombasa: Feni niliyo nayo ni ya pini tatu na ubao una pini nne. Itawaka?

Jibu: Itawaka, ndugu yangu, plagi ya pini tatu imeundwa iingie humo. Pini ya nne hubeba ishara ya kudhibiti mwendo, kwa hiyo bila hiyo feni itazunguka kwa kasi yote, isipokuwa BIOS yako ina chaguo la kudhibiti kwa volti. Na kwa kuwa uko Kenya, katika hesabu yangu ya VAT weka asilimia 16.

Swali, kutoka Arusha: Huku kwetu kuna baridi, lakini mashine hujizima ghafla nikifungua mchezo. Niagize kipoza gani?

Jibu: Mkuu, usiagize kwanza. Angalia joto la mwisho lililorekodiwa kabla ya kuzima. Kama lilikuwa nyuzi 60 au 70, mshuku pawa saplai, ambayo hushindwa pale kadi ya michoro inapovuta umeme mwingi kwa ghafla. Azima pawa saplai ya rafiki yenye wati za kutosha ujaribu, ila ukiwa na OptiPlex hakikisha plagi ya ubao mama inalingana, kwani za Dell nyingi si za kawaida.

Swali, kutoka Dar es Salaam: Kwa nini hukutaja vipoza vya maji? Vinasifiwa sana.

Jibu: Vinafaa kwa prosesa zinazotoa joto jingi, lakini navyo hupoza kwa hewa ya chumba ile ile. Pampu ikifa huwezi kuitengeneza mtaani, maji hupungua taratibu kupitia mipira kadiri miaka inavyokwenda, na baadhi ya mawakala hukataa mizigo yenye kimiminika kwa ndege. Kipoza cha mnara kikiharibika, kinachoharibika ni feni, na feni ya milimita 120 unaipata Kariakoo siku hiyo hiyo.

Swali, kutoka Zanzibar: Nina ubao wa AM5 na kipoza changu cha zamani cha AM4. Nikibebe au niagize kipya?

Jibu: Matundu yanalingana. Tazama namna kinavyofungwa: kama kinatumia bati la nyuma lililokuja na ubao mama, kitaingia, kama kinahitaji bati lake chenyewe, hakitaingia, kwa sababu bati la AM5 haling'olewi. Katika hali hiyo ya pili mwandikie mtengenezaji kwanza uulize kuhusu vishikizo vya AM5, maana kuagiza vishikizo peke yake ni nauli ya bahasha.